Jinsi ya Kuandika Maoni ya Shabiki Kuhusu Riwaya ya Njozi Iliyogeuzwa Filamu

"Kitabu ni kizuri kuliko filamu" ni salamu ya mashabiki tu. Kila aliyesoma huitamka akitoka ukumbini, na anayeisikia haondoki na chochote. Maoni yenye uzito hujibu maswali matatu: nini kimebadilishwa, kimebadilishwa kwa sababu gani, na badiliko hilo limeburuta nini nyuma yake. Swali la tatu ndilo linaloachwa mara nyingi, ingawa ndilo shabiki analolimudu kuliko mtu mwingine yeyote. Mhakiki anayeandika kuhusu filamu tatu kwa wiki hawezi kukumbuka kwamba kioo kidogo kilichokatwa katika filamu ya tano kitahitajika sana katika ya saba. Wewe unakumbuka, na hapo ndipo penye kazi yako.

Anza na hesabu

Kabla ya kulalamika kwamba waandaaji wamekata mno, pima walikuwa na nafasi kiasi gani. Msomaji wa kitabu cha sauti hutamka takriban maneno 150 kwa dakika. Skripti ya filamu, kwa upande wake, hukadiriwa kuwa ukurasa mmoja kwa dakika moja ya kutazama, na ukurasa huo una nafasi tupu nyingi: mazungumzo yamebanwa katikati na maelezo ni mafupi. Ndiyo maana skripti ya filamu ya saa mbili haifikii hata robo ya maneno ya riwaya nene.

Chukua kurasa tatu zilizojaa maandishi. Hesabu maneno ya mistari kumi katika kila mmoja, upate wastani wa maneno kwa mstari. Zidisha kwa idadi ya mistari ya ukurasa, kisha kwa idadi ya kurasa za kitabu. Punguza asilimia 10 kufidia kurasa za kufungua sura na mistari mifupi ya mazungumzo. Jibu ligawe kwa 150 ili upate dakika za kusoma kwa sauti, halafu dakika hizo uzigawe kwa urefu wa filamu. Namba inayobaki tuiite uwiano wa ubanaji.

Mifano miwili inatosha kuonyesha faida yake. *Harry Potter and the Order of the Phoenix* ndicho kitabu kirefu kuliko vyote saba vya mfululizo wake, takriban maneno 257,000 kwa Kiingereza. Hizo ni dakika 1,713 hivi za kusoma kwa sauti, zaidi ya saa 28. Filamu yake ina dakika 138, fupi kuliko zote nane isipokuwa ile ya mwisho. Uwiano: zaidi ya 12. Sasa *The Hobbit* ya J.R.R. Tolkien: maneno 95,000 hivi, yaani dakika 633. Filamu zake tatu za 2012, 2013 na 2014, katika matoleo ya sinema, zina jumla ya dakika 474. Uwiano: 1.3.

Ukiwa na namba hizi, huwezi kuzihakiki kazi hizo mbili kwa lugha moja. Uwiano unapozidi 8, nguvu zako zielekeze kwenye kilichokatwa na kilichounganishwa, na uulize kama kilichobaki kinasimama chenyewe. Unapokuwa chini ya 2, swali la kwanza ni kilichoongezwa. Katika filamu za *The Hobbit* wamo wapiganaji wawili wa jamii ya Elf: Legolas hayumo kitabuni, na Tauriel hayumo katika kitabu chochote cha Tolkien. Muda wa filamu tatu ulihitaji kujazwa, na wao ni sehemu ya ujazo huo. Viwango vya 8 na 2 ni vya kukadiria tu, ila vinakuzuia kuilaumu filamu ya saa mbili kwa kutokuwa ya saa 28.

Tahadhari moja: usihesabu maneno ya tafsiri ya kitabu kimoja na ya lugha asilia ya kingine, kisha ukalinganisha. Idadi ya maneno hubadilika sana kutoka lugha hadi lugha, na uwiano wako utakudanganya.

Taja toleo, la kitabu na la filamu

Hili linaonekana dogo mpaka mtu akuumbue. *The Hobbit* ilitoka 1937, lakini sura ya tano, ile ya mafumbo gizani, iliandikwa upya katika toleo la 1951 ili pete ya uchawi anayoipata Bilbo, mhusika mkuu, ipate uzito inaobeba katika *The Lord of the Rings*, riwaya inayoifuata. Mwenye toleo la kwanza ana Gollum, kiumbe aliyekuwa na pete hiyo, tofauti kabisa.

Filamu nazo ni hivyo hivyo. *The Fellowship of the Ring* ya 2001 ilionyeshwa sinema ikiwa na dakika 178, na toleo refu la nyumbani lina 208. *The Return of the King* ya 2003 ina dakika 201 kwa toleo la sinema na 251 kwa refu. Kati ya vilivyoondolewa kwenye toleo la sinema ni mwisho wa Saruman, mchawi mwovu wa hadithi. Ukiandika kwamba filamu "ilimsahau Saruman", utakuwa sahihi kwa toleo moja na mwongo kwa jingine. Sentensi moja mwanzoni, inayotaja mwaka, toleo na urefu wa dakika, inafunga mlango huo.

Kusoma upya kwa jedwali

Usitegemee kumbukumbu ya kitabu ulichokisoma zamani. Kumbukumbu ya shabiki huchanganya kitabu, filamu, picha za jalada na mabishano ya mashabiki wenzake, kisha ikatoa kitu cha nne ambacho hakipo popote.

Chora jedwali lenye safu tano: sura na ukurasa, tukio kwa sentensi moja, nani anajua nini mwishoni mwa tukio, kanuni ya uchawi iliyotajwa au kutumiwa, na mzigo. Safu ya mwisho ndiyo roho ya zoezi zima. Mzigo ni kazi ambayo tukio hilo linalifanyia tukio lijalo. Mhusika anapewa kisu: mzigo ni kwamba kisu hicho kitakata kamba sura kumi mbele. Kama huwezi kuutaja ukurasa wa mbele ambapo mzigo unatuliwa, acha safu tupu. Safu tupu ni taarifa pia, kwa sababu tukio lisilo na mzigo linaweza kukatwa bila jengo kuanguka, hata kama wewe unalipenda.

Riwaya ya kurasa 400 hutoa mistari 60 hadi 90. Ukifika mistari 200, umeanza kuandika muhtasari na umetoka kwenye ramani. Ukibaki na 25, unaruka vitu.

Maliza kusoma wiki mbili au tatu kabla ya kutazama. Anayefunga kitabu usiku na kuingia sinema kesho yake hatazami filamu, anafanya ukaguzi wa bohari: hiki kipo, hiki hakipo. Jedwali litakutunzia maelezo, kwa hiyo ruhusu kichwa kipoe.

Kutazama mara mbili

Mara ya kwanza usiandike chochote. Filamu inajenga hisia kwa mfululizo, na ukiinamia daftari unaukata mfululizo huo mwenyewe, kisha unailaumu filamu kwamba haikukugusa. Ikiisha tu, ndani ya saa moja, andika kwa dakika kumi yale yaliyobaki kichwani bila kuyapanga. Orodha hiyo itakuwa ushahidi wako baadaye: ikiwa onyesho unalolisifu halikuonekana kwenye orodha ya kwanza, basi pengine unalisifu kwa sababu ya kitabu.

Mara ya pili tazama ukiwa na uwezo wa kusimamisha, na jedwali pembeni. Kila onyesho linapoanza, andika dakika yake kwenye mstari unaohusika. Filamu ya saa mbili mara nyingi ina maonyesho 40 hadi 60, kwa hiyo tenga saa nne, usizibane katika mbili. Mwishoni jedwali lenyewe litazungumza. Mstari usio na dakika umekatwa. Dakika isiyo na mstari imeongezwa. Dakika zilizovuruga mpangilio wa sura zinaonyesha kilichohamishwa.

Kama filamu bado iko sinema tu, mara ya pili tazama ukiwa umechagua mambo matatu ya kufuatilia. Kujaribu kufuatilia yote gizani huishia kwenye maandishi yasiyosomeka.

Kutambua aina ya badiliko

Kukata kunaeleweka. Kuunganisha ni pale wahusika wawili au watatu wanapofanywa mmoja, au miaka inapofumbwa. Katika kitabu cha kwanza cha *The Lord of the Rings* kuna miaka 17 kati ya sherehe ya Bilbo na siku Frodo, mrithi wake, anapoondoka nyumbani na ile Pete, lakini filamu inaifanya ionekane muda mfupi. Faida yake ni hofu: hatari iko mlangoni tayari. Hasara ni kwamba Frodo wa filamu anaondoka akiwa kijana aliyeshtukizwa, wakati wa kitabu ni mtu wa makamo aliyepata muda wa kutafakari.

Kuhamisha ndiko kunakostahili subira, maana badiliko moja la mahali huzaa mengine, na mashabiki wengi hulalamikia mtoto bila kumjua mzazi. Tuchukue lalamiko maarufu la *The Lord of the Rings*: Faramir, kapteni anayekutana na Frodo na mwenzake Sam njiani. Kitabuni anasema asingeichukua Pete hata kama angeikuta njiani, na kweli anawaachia Frodo na Sam waende. Katika filamu ya pili, ya 2002, anawateka na kuwapeleka hadi mji wa Osgiliath kabla ya kubadili nia. Kwa nini? Rudi kwenye jedwali lako. Kitabuni *The Two Towers*, sehemu ya pili, inamalizika na Shelob, buibui mkubwa anayemshambulia Frodo. Filamu ilimhamishia Shelob kwenye sehemu ya tatu, kwa sababu Tolkien alizisimulia safari za Aragorn, mrithi wa ufalme, na za Frodo kwa mafungu tofauti, na filamu ikazichanganya kwa kufuata wakati mmoja. Shelob alipoondoka, Frodo akabaki bila kilele katika filamu ya pili. Kikwazo kipya kikahitajika, na aliyekuwa karibu ni Faramir. Zaidi ya hapo, filamu ilikuwa imetumia saa nyingi kuonyesha kwamba Pete hii inamshawishi kila mtu. Mtu akija akaikataa bila kutoa jasho, hofu yote hiyo ingetoboka.

Sasa unaweza kuandika hoja ya maana. Pengine utasema badiliko lilihitajika lakini safari ya Osgiliath ni ndefu mno. Pengine utasema Faramir angeweza kushawishiwa na kushinda palepale kwenye pango lake la maficho, bila kumtembeza Frodo. Yote mawili ni maoni yanayobishaniwa kwa ushahidi. "Wamemharibu Faramir" hayabishaniwi, yanapigiwa kelele tu.

Kukabidhi ni pale tendo la mhusika mmoja linapopewa mwingine. Katika *The Lord of the Rings*, Glorfindel, shujaa wa jamii ya Elf, ndiye anayekutana na Frodo aliyejeruhiwa kitabuni, na filamu ikampa Arwen, mchumba wa Aragorn, nafasi hiyo. Sababu iko wazi: penzi la Arwen na Aragorn limesimuliwa zaidi katika viambatisho vya kitabu, na mtazamaji hawezi kumjali mwanamke anayejitokeza mwishoni kuolewa. Lakini angalia kilichopotea, kwa maana wengi hubishana juu ya Glorfindel na kukipita. Kitabuni Frodo yuko peke yake juu ya farasi anapofika ng'ambo ya mto, na ni yeye, mgonjwa na dhaifu, anayewageukia Wapanda Farasi Weusi na kuwakataa. Katika filamu amelala mikononi mwa Arwen, na ukaidi huo umesemwa na Arwen. Gharama ya kumtambulisha Arwen ilitolewa mfukoni mwa Frodo.

Kugeuza cha ndani kuwa cha nje ndilo tatizo sugu la kila riwaya. Kamera haioni mawazo. Wenye filamu wana njia chache: sauti ya msimulizi, mhusika wa kuzungumza naye, uso wa mwigizaji, muziki, au njozi inayoonekana. Mapambano ya Gollum na nafsi yake yamefanywa kwa kukata picha kati ya pande mbili za uso uleule, kana kwamba ni watu wawili wanaokabiliana. Hapo mtazamaji anaelewa bila kuelezwa. Mfano mwingine wa kuigwa ni *The Princess Bride*. Riwaya ya 1973 inajifanya kuwa ufupisho wa kitabu cha kale, na mfupishaji anaingilia kati mara kwa mara kwa maelezo yake. William Goldman, aliyeiandika riwaya na skripti vilevile, hakujaribu kuutafsiri mchezo huo moja kwa moja. Katika filamu ya 1987 babu anamsomea mjukuu mgonjwa, na mjukuu anamkatiza. Kazi ni ileile ya kuivunja hadithi kwa utani na kuirudisha, ila sasa ina sura mbili na kitanda. Unapokuta suluhisho la namna hii, lipe nafasi kubwa kwenye maoni yako. Sifa zenye ushahidi ni adimu kuliko lawama.

Kwa badiliko la aina ya kuongeza, uliza swali moja tu: onyesho jipya linabeba mzigo gani? Lijazie safu ya tano kama ulivyofanya kwa kitabu. Likibaki tupu, una haki ya kusema limeongezwa kujaza muda.

Kanuni za uchawi

Hapa riwaya ya njozi inaachana na riwaya nyingine zote. Kwenye hadithi ya upelelezi mtazamaji anajua tayari kwamba risasi inaua. Kwenye njozi hajui chochote mpaka aambiwe, na kila kanuni isiyotajwa inageuka kuwa bahati nasibu pale inapomwokoa mtu.

Kwa kila uchawi mkubwa wa hadithi, andika mambo matatu: nani anaweza kuutumia, unamgharimu nini, na hauwezi kufanya nini. Kisha tafuta dakika ambayo filamu inatamka au kuonyesha kila moja. Dakika hiyo lazima itangulie dakika ya uokozi. Ikija baadaye, au isipokuja kabisa, umepata kasoro ya kweli ambayo hata asiyesoma kitabu ameihisi, ingawa hajui jina lake. Huyo atasema tu "mwisho haukunishawishi".

*Harry Potter and the Prisoner of Azkaban* ya 2004 ni filamu ambayo wapenzi wa sinema huisifu sana, na kwa haki. Lakini haimwambii mtazamaji kwamba walioichora ile ramani ya uchawi anayoitumia Harry shuleni ni baba yake na marafiki zake watatu. Matokeo yake, haieleweki mwalimu wake Lupin amejuaje kwamba karatasi ile ni ramani. Na paa dume anayetokea kwenye kilele cha hadithi anabaki mnyama mzuri wa kung'aa, kwa kuwa hatujaambiwa kwamba baba wa Harry alikuwa akijigeuza mnyama huyohuyo. Maelezo hayo yangechukua dakika mbili. Kwa uwiano wa ubanaji wa filamu ile, dakika mbili zingepatikana.

Kioo tulichokitaja mwanzoni ni kesi tofauti. Katika kitabu cha tano Sirius, rafiki wa baba yake, anampa Harry kioo cha mawasiliano. Filamu ya tano ilikiacha. Katika filamu ya saba, sehemu ya kwanza, Harry anaonekana na kipande cha kioo mkononi na hakuna anayeeleza kilikotoka. Kabla ya kuwalaumu waandaaji, tazama tarehe: filamu ya tano ilitoka Julai 2007, na kitabu cha saba kikatoka mwezi huohuo. Walipokuwa wakipiga picha, umuhimu wa kioo haukuwa umechapishwa. Lawama halali inawahusu walioandika filamu ya saba, ambao walijua pengo lipo na hawakuliziba katika sehemu hiyo ya kwanza. Ndiyo maana kwenye mfululizo wowote, andika tarehe ya kitabu na tarehe ya filamu kwa kufuatana kabla ya kuamua nani alaumiwe.

Sura, rangi na mavazi

Usipoteze muda hapa isipokuwa hadithi yenyewe imeweka mzigo kwenye sura. Macho ya Harry ni ya kijani kitabuni, na kwenye filamu ni ya buluu. Rangi haina neno. Chenye uzito ni kwamba anafanana na mama yake machoni, na hadithi inarudia jambo hilo hadi mwisho. Katika filamu ya mwisho, mtoto anayemwigiza mama huyo akiwa mdogo ana macho ya kahawia. Hapo lalamiko linasimama, kwa kuwa kilichovunjika ni ulinganifu.

Wakati mwingine badiliko la rangi ni la kamera tu. Viatu vya Dorothy, msichana wa *The Wonderful Wizard of Oz*, ni vya fedha katika kitabu cha 1900, na filamu ya 1939 ikavifanya vyekundu ili ving'ae katika filamu ya rangi. Hadithi haikudhurika hata kidogo. Kilichoidhuru, kwa maoni ya wasomaji wengi wa kitabu, ni ule mwisho unaofanya safari nzima kuwa ndoto, maana kitabuni safari ilikuwa ya kweli. Kwa hiyo ukiwa na aya moja tu ya kutumia, itumie kwenye ndoto, viatu viache.

Sababu zilizo nje ya hadithi

Bajeti, kiwango cha umri kinacholengwa, waigizaji watoto wanaokua, na matumaini ya sehemu ya pili hukata zaidi kuliko kalamu ya mwandishi wa skripti. *The Golden Compass* ya 2007 iliondoa sura za mwisho za kitabu na kumalizia kwa matumaini, kwa kutegemea kwamba zingefungua filamu ifuatayo. Filamu hiyo haikutengenezwa, na hadithi ikabaki imening'inia. Ilibidi kusubiri mfululizo wa televisheni ulioanza 2019 ili vitabu vyote vitatu vya Philip Pullman visimuliwe.

Kanuni ya kuandika sababu ni rahisi: kama waandaaji wameitaja wenyewe, katika mahojiano au katika maelezo ya sauti yanayoambatana na diski, andika "kwa sababu". Kama umeikisia, andika "inaonekana". Maoni mengi huanguka kwa kuwapa watengenezaji nia ambazo hakuna aliyewahi kuzitamka.

Vilevile, kauli ya mwandishi wa riwaya isiwe hukumu yako. Michael Ende aliipinga waziwazi filamu ya 1984, *The NeverEnding Story*, iliyotokana na riwaya yake ya 1979, ambayo ilisimulia karibu nusu ya kwanza tu ya kitabu. Ana haki yake. Kuna watoto wa miaka hiyo wanaoipenda hadi leo, nao pia wana yao. Na ipo aina ya filamu isiyotaka kabisa kuwa kitabu chake: *Howl's Moving Castle* ya Hayao Miyazaki, ya 2004, ilichukua wahusika wa riwaya ya Diana Wynne Jones ya 1986 na kuwaingiza katika vita ambavyo kitabuni havina nafasi kubwa hivyo. Kwa filamu kama hiyo, jedwali la mistari iliyokatwa halisaidii sana. Linganisha maswali ambayo kila kazi inauliza, na uihukumu filamu kwa swali lake.

Kuandika

Maneno 800 hadi 1,200 yanatosha. Ndani ya maneno 100 ya kwanza toa msimamo wako, na toleo ulilotazama. Baada ya hapo chagua mabadiliko matatu tu kutoka jedwali: moja lililoboresha, moja lililoharibu, na moja ambalo bado unalibishania moyoni. Kila moja lipate maneno 200 au 250, ukifuata mtiririko wa kilichobadilika, sababu, na kilichoburutwa. La tatu ndilo litakaloleta majibu kutoka kwa wasomaji, kwa hiyo usiliache kwa kuogopa kuonekana huna uhakika.

Mabadiliko kumi na tano kwa sentensi mojamoja hayasomeki, hata kama yote ni sahihi. Ukishindwa kuchagua, angalia safu ya mzigo: badiliko lililogusa mistari mingi zaidi ya mbele ndilo la kuandikwa.

Kutoboa siri kunahitaji utaratibu. Onya mara moja juu kabisa, ukitaja unafika wapi: "Nataja mwisho wa kitabu cha pili" ni onyo, "kuna siri humu" si onyo, kwa sababu halimsaidii msomaji kuamua. Ukiandika juu ya mfululizo usiokamilika, weka siri za vitabu ambavyo havijageuzwa filamu katika sehemu ya mwisho, yenye kichwa chake, ili aliyetazama tu aweze kusimama kabla.

Nukuu fupi, sentensi moja au mbili, na kwa ajili ya kuthibitisha tu. Ukinukuu filamu, isikilize tena, usinakili maandishi yaliyo chini ya skrini, maana mara nyingi hufupishwa ili yasomeke kwa haraka. Ukinukuu tafsiri ya kitabu, taja kwamba ni tafsiri.

Epuka pia kumtwika mwongozaji kila kitu. Skripti ina waandishi wake, na majina yao yako mwanzoni au mwishoni mwa filamu. *The Lord of the Rings* iliandikwa na Fran Walsh, Philippa Boyens na Peter Jackson, na katika sehemu ya pili Stephen Sinclair akaongezeka. Vivyo hivyo kwa muziki: pale ambapo kitabu kilitumia kurasa tatu kueleza hamu ya nyumbani na filamu ikatumia wimbo wa nusu dakika, aliyeifanya kazi hiyo ni mtunzi, na katika filamu hizo ni Howard Shore.

Acha rasimu ilale siku mbili. Ukirudi, pitia kila jina la mhusika ukiwa na kitabu mkononi, kila dakika ukiwa na filamu, na kila mwaka. Futa "wote tunajua" na "kila shabiki anakubali" popote vilipo. Kisha mpe mtu ambaye hajasoma kitabu lakini ameiona filamu, na umwombe aweke alama pale alipopotea. Alama zikikusanyika kwenye aya ya kanuni za uchawi, umeruka hatua uliyoilaumu filamu kwa kuiruka. Ongeza sentensi mbili za kueleza kanuni hiyo kabla ya hoja yenyewe. Jedwali lihifadhi na tarehe yake, kwa sababu sehemu ijayo ikitoka utaanzia kwenye safu ya mzigo, kwenye mistari ambayo bado haijatuliwa.